Aliyeitikia Wimbo wa Baridi

Soko la Uyole lilijaa malori na matope siku ile Nkuba alipomkanyagia Damari viazi vyake vya kuuza. Ilikuwa Julai, mwaka mmoja kabla ya vita vya Uganda, baridi inauma masikio. Nkuba alikuwa Msukuma wa Usangu, kijana mrefu, fimbo ya kuchungia begani, kaleta ng'ombe mnadani. Damari alivaa sweta jekundu, khanga mbili kiunoni.

"Hivyo ulivyokanyaga utavila vibichi," Damari akasema.

"Nipikie wewe, dada. Nitavila hata na matope yake."

Damari akacheka, basi yakaanzia hapo. Kila mnada Nkuba hakukosa pale kwenye viazi, mpaka Damari akamwalika kwenye wimbo wa baridi.

Wimbo huo kwao Damari huimbwa mlimani kila mwaka, kuliita jua lirudi. Msichana huimba, watu wote huitikia pamoja. Mwanamume akimwitikia peke yake, amemposa. Hapo kaka zake msichana humchapa fimbo, naye avumilie, mikono chini. Akirudisha pigo, amemkataa binti mbele ya watu.

Damari alidhani kila mtu anajua. Nkuba naye, kwao mwimbaji mzuri asipojibiwa amedharauliwa. Damari alipoimba tu, Nkuba akawatangulia wote, akamjibu peke yake kwa sauti nene. Watu wote wakamgeukia. Asukile, kaka yake Damari, akamshukia na fimbo ya kichwa. Damu ikamwingia Nkuba machoni. Akainua fimbo yake, akampiga Asukile mdomoni, meno mawili yakaanguka kwenye nyasi.

"Umenikataa," Damari alimwambia, akaondoka.

Wanawake waliomfunga kitambaa kichwani ndio waliomweleza Nkuba alichofanya.

Jumapili, watu wametoka kanisani, akaenda kwao Damari. Akaitupa fimbo yake uani, akasema siku ile hakujua desturi, sasa anajua, na amekuja kuposa. Asukile, mdomo umevimba, akashika fimbo yake. Akampiga mgongoni, akampiga mabegani, akampiga mpaka mfupa wa mkono wa kushoto ukalia kama kuni kavu. Nkuba akaanguka magotini, wala hakujikinga.

Damari akatoka jikoni mbio, akaidaka fimbo ya kaka yake. Ikamchana kiganja. Hakuiachia.

"Huo mkono mmoja niachie, kaka," alisema. "Atanilimia na nini?"

Asukile akaitazama damu ya dada yake. Kisha akaenda barabarani kusimamisha lori, limpeleke shemeji yake hospitali.