Samaki Aliyechambuliwa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na aliponisimulia hakuwa na uso wa mzaha.

Alikwenda mji wa pwani kuchukua nguo za marehemu mumewe, mpishi aliyemwacha kwenye mataa miaka mingi akaenda kuwapikia wageni. Mchana njaa ikamshika. Kila aliyemuuliza pa kula alimtajia mkahawa uleule, ule alimokuwa akipika yule bwana. "Hapana mfano wake," walimwambia. Akasonya, akaingia.

Nje mvua ilikuwa imefunga. Umeme ulikatika, na ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, giza lilikuwa totoro.

"Utusamehe, mama, leo ni vinywaji tu," mhudumu alimwambia. "Tangu tumzike mpishi wetu, jiko halijawashwa." Akaenda kumletea soda.

Ndipo aliposikia, kule jikoni, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Ko, ko. Kimya. Kisha ko. Mumewe aligonga hivyohivyo kila alipoipua.

"Hata kufa hakukutoshi," akasema kwa uchungu. "Bado unawapikia watu baki."

Mhudumu akarudi na soda na mshumaa, akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Mama, hiyo sahani kakuletea nani?"

Mbele yake palikuwa na samaki akifuka mvuke. Alikuwa amechambuliwa, na miba yake yote imepangwa pembeni mwa sahani, kama mumewe alivyomchambulia mwaka wa kwanza wa ndoa, mwaka pekee aliowahi kumpikia.