Alikuja Kuaga na Mshenga

"Mzee Ubeid, kijana huyu hana wazazi hapa mjini, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wake," Mzee Hashimu alisema, akakohoa kidogo. "Tumekuja kuomba uchumba wa binti yako, Zeina."

Nilikuwa nyuma ya pazia na Shangazi Anfal. Aliniminya mkono nusura nipige kelele.

"Umesikia? Siku tatu tu! Umempa nini huyu mtoto wa watu?"

"Sijampa kitu, shangazi. Nimemtembeza mjini, na wewe ulikuwepo."

Kweli alikuwepo. Kijana mwenyewe, Muaz, ni msafiri, mwaka mzima yuko barabarani na pikipiki yake, ametoka Cape Town anaelekea Cairo. Amezaliwa Muscat, lakini bibi yake alizaliwa hapa hapa mtaa wa Gerezani, ndiyo maana Kiswahili chake kinanukia uzee. Alisimama Dar siku tatu auone mji wa zamani, akafikia gesti ya Mzee Hashimu, mtaa wa pili kutoka duka letu la vitenge Kariakoo. Aliingia dukani kuuliza njia, akatoka na wenyeji wawili: mimi mbele, shangazi nyuma akilalamikia viatu vyake.

Tulimpeleka Mnazi Mmoja, tukampeleka kwenye sanamu ya Askari, tukamalizia Boma la Kale. Kila mahali yeye na maswali yake.

"Zeina, huu mji wa zamani unaanzia wapi na unaishia wapi?" aliniuliza pale Boma, akiyaangalia maghorofa ya vioo.

"Wewe tembea tu, utakutana nao."

"Kesho kutwa naondoka. Mbona miguu haitaki?"

"Ni ile mishikaki uliyokula."

Nilimtania, lakini moyo wangu ulishahama zamani. Nilimpenda, basi. Na sasa yuko sebuleni kwetu, ndani ya kanzu, na sahani ya halua mbele yake!

"Makubwa haya," Baba alisema. "Kijana simjui, ila wewe Hashimu nakujua. Ngoja tumuulize mwenyewe. Zeina! Umesikia haya maneno ya..."

"Nimekubali!"

Neno lilinitoka kabla Baba hajamaliza swali. Shangazi akaniziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Sebuleni kikombe cha kahawa kikaanguka.

"Samahani, mzee wangu," nikamsikia Muaz. "Mimi nimekuja kuaga."

"Kumuaga nani?"

"Wewe. Nimekuja kukushukuru kwa kumruhusu binti yako anitembeze. Niliona haya kuingia peke yangu nyumba ya watu, nikamwomba Mzee Hashimu anisindikize."

"Haa!" Mzee Hashimu akaruka. "Unakuja na mtu mzima kwenye nyumba yenye mwari, umevaa kanzu, umebeba halua. Hiyo ndiyo kuaga kwenu?"

"Halua uliniambia wewe ninunue! Na kanzu ni yako!"

"Nilidhani unaona aibu kusema! Siku tatu gesti hailaliki, Zeina kasema hivi, Zeina kacheka vile! Ningejuaje?"

"Na wewe kijana," Baba akaingilia, "alipokuwa anaposa ulikuwa wapi? Si ungemkatiza?"

"Nilichanganyikiwa. Nimelelewa kwamba mtu mzima hakatizwi."

"Sasa hata mimi nimechanganyikiwa. Niambie moja tu. Binti yangu unampenda au humpendi?"

Nilitega sikio kwenye pazia. Shangazi pia.

"Sijui, mzee."

Ile "sijui" iliniuma kuliko hapana. "Hapana" mtu anailia, inakwisha. "Sijui" unaifanyia nini?

"Lakini kama nimemwaibisha," akaendelea, "nitamuoa. Hata leo."

Nikalivuta pazia. Shangazi alinidaka mtandio, ukabaki mkononi mwake.

"Nani kakwambia nataka kuolewa kwa huruma?"

"Zeina, mimi..."

"Nimesema nimekubali kwa sababu nakupenda. Sijakosea, na aibu sioni. Aliyekosea ni anayeingia nyumba za watu bila kujua amefuata nini. Nenda zako Cairo."

"Zeina, nisikilize."

"Safari njema. Halua iache, shangazi anaipenda."

Nikaingia chumbani nikalia mpaka nikachoka. Asubuhi nikausikia mlio wa pikipiki yake ukipita mtaani, sikutoka.

Mchana meseji ikaingia: "Nimefika Chalinze. Nimekunywa chai. Sijui kwa nini nakuandikia."

Nikajibu: "Hata mimi sijui."

Jioni ikaja nyingine: "Nipo Korogwe. Milima ya huku mizuri. Niligeuka nikuonyeshe, hupo."

"Angalia mbele, utaanguka."

Alipofika Moshi akapiga. Niliiacha simu iite, niliiacha tena, ya tatu nikapokea.

"Mwaka mzima napita miji, Zeina. Naitazama, naondoka, sikumbuki mtu. Mji wenu nimeondoka nao. Sasa najua."

"Unajua nini?"

"Nakupenda. Siku ile ningesema ndiyo nisingekosea, lakini nilikuwa sijui bado. Sikutaka kumdanganya baba yako."

"Ndiyo maana nimepokea simu yako. Ungedanganya nisingepokea."

"Nirudi?"

"Usirudi! Maliza safari yako. Sitaki mume atakayekaa dukani huku macho yake yapo barabarani."

"Basi nifanye nini?"

"Mimi nina baba, Muaz. Usiniulize mimi."

Nikakata. Kisha nikajuta kukata, nikataka kumpigia, nikaizima simu kabisa nisije nikajidhalilisha mara ya pili.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, mlango ukagongwa. Nikafungua.

"Shikamoo, Mzee Hashimu."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Alikuwa peke yake. Nilikimbilia nyuma ya pazia, nikamkuta shangazi keshafika. Baba alichungulia ngazini, huku na huku, ndipo akamkaribisha.

"Kijana wako yuko wapi?"

"Kashavuka mpaka, yuko Nairobi. Amempigia mama yake Muscat, mama kanipigia mimi. Wazazi wake ndio wamenituma niwasemee, ndoa akirudi kutoka Cairo."

"Hashimu, safari hii una uhakika?"

"Nimemuuliza mara tatu kama anataka kuaga."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Hii sasa ndiyo posa. Mwenye kuoa haji kunywa kahawa kwenye posa yake mwenyewe! Zeina, mwanangu, umesikia. Unasemaje?"

Kwetu mwari akiulizwa habari ya kuolewa akanyamaza, amekubali. Mwenye kukataa ndiye anayesema. Nikanyamaza.

"Zeina?"

Nikanyamaza. Shangazi akanisukuma begani. "Sema basi, we mtoto! Juzi si ulipayuka?"

Machozi yalikuwa yananitiririka na kicheko kimenibana kifuani, lakini mdomo sikuufungua.

"Mwacheni," Baba alisema taratibu. "Ameshajibu."

Na kigelegele cha Shangazi Anfal kikatoka.