Duara Bado Ni Ndiyo

"Dada Beverly, Bwana asifiwe. Kwaya imesogezwa mbele. Tunaimba leo saa kumi. Usisahau kitabu."

Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, mpole, mwenye mafua kidogo.

Hapakuwa na kwaya. Huyo mama alikuwa ameketi kwenye ofisi isiyo na kibao jijini Nairobi, na ujumbe wake ulikuwa na maana moja tu.

Leo. Saa kumi alasiri. Diski isifike jukwaani.

Priscah alisikiliza mara moja, akaufuta ujumbe, akairudisha simu yake ya Tecno ndani ya soksi. Kisha akaendelea kupiga pasi shati la bosi.

Hakushtuka. Moyo haukwenda mbio. Kola, mikono, mgongo, kola tena.

Miezi kumi na mmoja alikuwa katika jumba hilo la mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah. Ikama yake, kibali cha ukaazi, ilisema ni Beverly, mfanyakazi wa nyumbani. Pasipoti ilikuwa imefungiwa kabatini kwa madam, mke wa bosi. Kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, alikuwa bosi mwenyewe, Anton Voss, mgeni mwenye kampuni ya kusambaza michezo ya kompyuta Ulaya na Marekani.

Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye kadi ya Voss. Kazi yake ya pili ilikuwa kuuza masikio.

Kampuni moja ya Osaka, Hoshimine, ilikuwa imetumia miaka mitano kuurekebisha mchezo wake mkubwa ili Wamagharibi waupende. Voss alipanga kuuiba, kupachika ndani yake programu ya kunasa sauti, na kuuachia dunia kwa kubadilisha diski ya uzinduzi jukwaani Riyadh. Mamilioni ya sebule. Watoto wa majenerali, wa mabalozi, wa mawaziri, wakicheza huku vipaza sauti viko wazi na baba zao wakiongea na simu pembeni.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa Stacy. Alikuwa amepandikizwa na Idara ya ujasusi, waajiri wa kweli wa Priscah, kwenye kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikimjaribia Voss mchezo huo. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa maneno manne. Dakika ishirini baadaye alianguka kutoka ghorofa ya saba.

Hiyo ilikuwa kabla ya Jeddah, na Priscah ndiye aliyempeleka pale. Priscah ndiye aliyeitwa mochari kumtambua. Alitazama, akasema ndiye, akatia sahihi, akatoka nje kununua maji.

Tangu siku hiyo hakuna kilichomgusa. Chakula kilikuwa kama karatasi. Matusi ya madam yalipita kama sauti ya feni.

"Beverly!" madam aliita kutoka ghorofani. "Ndege ni saa sita! Umefunga nguo za watoto?"

"Tayari, madam. Naomba nusu saa nitume mzigo nyumbani."

"Nusu saa! Yalla!"

* * *

Ghulail, Jeddah. Saa tatu na nusu asubuhi.

Duka la Roseline lilikuwa na upana wa mlango wake tu. Unga wa ugali, majani ya chai, mafuta ya nywele, kadi za simu. Roseline, mama wa Kisumu mwenye mabega ya mbeba mizigo, alikuwa wa Idara kwa miaka tisa.

"Umekonda, nyathina, mwanangu," alisema.

"Nipe mzigo."

Roseline alimsukumia pakiti ya unga. Ndani yake kulikuwa na vitu viwili. Kifaa cha sikioni, kidogo kama punje ya mahindi. Na kalamu ya Parker, ya fedha.

"Bonyeza juu mara mbili, sindano inatoka. Mtu analala saa nzima. Ni moja tu, haina ya pili. Elphas yuko Riyadh, mlinzi wa ukumbi. Atakuwa sikioni mwako."

"Sawa."

"Priscah." Roseline alimshika kiganja. "Unaogopa?"

Priscah alifikiria swali lile kwa uaminifu.

"Hapana. Ningependa."

* * *

Riyadh. Saa tisa na dakika arobaini na tano.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama uwanja wa ndege. Skrini zenye urefu wa nyumba. Vijana waliovaa panga za plastiki na mabawa. Madam alikuwa ameshika viti vya mbele pamoja na watoto. Priscah, akiwa amevaa abaya nyeusi, alibeba sinia ya chai nyuma ya jukwaa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuna anayemuuliza mtumishi aliyebeba chai.

Sauti ya Elphas ilikwaruza sikioni.

"Umechelewa. Voss ametoka chumba cha Mjapani sasa hivi. Niliona kwenye kamera. Mkono uliingia kwenye koti, ukatoka."

"Amebadilisha?"

"Nadhani. Diski zote ni nyeusi, mapacha. Siwezi kuapa."

"Nikivunja isiyo yenyewe?"

"Basi Voss anatoa yake mfukoni, anaitwa shujaa, inapanda jukwaani."

"Muda?"

"Dakika kumi na tano."

Aliingia chumbani humo.

Okabe Shunji, mhandisi mkuu wa Hoshimine, alikuwa peke yake mbele ya mashine ya PlayStation. Mzee mwembamba, tai imekazwa hadi kooni. Diski nyeusi ilikuwa mezani kando yake. Alikuwa akifanya mazoezi kwa nakala ya maonyesho.

Alibonyeza kitufe cha duara. Skrini ikarudi nyuma. Akacheka kwa aibu.

"Samahani," alimwambia Priscah kwa Kiingereza cha polepole. "Kwetu, tangu utoto wangu, duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Wamagharibi wanataka kinyume. Nimegeuza kila ukurasa kwa mkono wangu, lakini kidole bado kiko Osaka."

Priscah aliweka sinia mezani.

"Mmebadilisha mengi?"

"Mengi. Walisema shujaa wetu anafanana na mtoto, tukampa ndevu. Walisema maneno ni mengi mno, tukakata. Walisema wanataka kuzurura wanakotaka, tukavunja kuta zote." Alitazama mikono yake. "Tusingebadilika, tungefunga milango. Watu mia tatu. Kwa hiyo nilibadilika. Ila siku hizi nikiucheza sisikii chochote."

Priscah alimwelewa kuliko alivyotaka.

Duara ni ndiyo.

Ujumbe wa Stacy. Maneno manne ambayo Idara nzima ilishindwa kuyafumbua: *Duara bado ni ndiyo.*

Stacy hakuwa ameandika fumbo. Alikuwa ameripoti kosa. Voss aliiba toleo la zamani, kabla vitufe havijageuzwa. Watu wake waliubandikia sura mpya juu, lakini mahali fulani ndani walisahau.

"Bwana Okabe. Weka hiyo diski kwenye mashine."

"Nini?"

"Kuna ukurasa ambao mchezaji hafungui mara kwa mara?"

"Ukurasa wa lugha. Lakini wewe ni nani?"

"Yaya wa Bwana Voss. Ufungue. Ubonyeze duara."

Okabe aliichukua diski ya mezani. Labda ni uso wa Priscah uliomshawishi. Ulikuwa mtulivu mno kwa uso wa mwongo.

Mashine ilisoma diski. Ukurasa ukafunguka. Kidole gumba kikashuka kwenye duara.

Mchezo ulikubali.

Okabe alibonyeza tena. Ukakubali tena. Uso ukampauka.

"Hii si yangu," alinong'ona. "Ukurasa huu niliugeuza mimi mwenyewe."

"Elphas. Diski ya mezani ni ya Voss. Ya kweli iko kwenye koti lake."

"Kolb anakuja kwako! Nyuma yako!"

Mlango ulifunguka. Kolb, mlinzi wa Voss, kilo mia moja na kumi, aliona skrini. Akaelewa. Mkono ukazama ndani ya koti.

Priscah alimrushia birika la chai usoni.

Kolb alinguruma. Priscah alimpiga ukingo wa sinia kooni, kisha gotini, kisha kooni tena. Bastola, Glock, ilianguka zuliani. Kolb akaifuata chini, akakaa huko.

Sindano ilikuwa bado haijatumika.

"Voss yuko wapi?"

"Amesikia kishindo, anakimbia! Njia ya mizigo, mlango wa tano. Kuna gari jeusi la GMC linamngoja."

Priscah alikunja abaya, akakimbia. Alipita katikati ya vijana wenye mabawa. Mmoja alimpigia makofi akidhani ni sehemu ya maonyesho. Ngazi za chuma. Ukuta wa zege. Mwanga wa jua.

Nje, Elphas alikuwa ameshusha kizuizi cha lango na kusimama mbele yake na sare yake ya kahawia. GMC ilikuwa inaunguruma upande wa pili. Voss alikuwa amekwama katikati, jasho likimtiririka.

Aligeuka. Alimwona mtumishi wake.

"Beverly?" Alishusha pumzi. "Beverly, mwambie huyu mpumbavu afungue."

"Ndiyo, bosi."

Alimkaribia kwa hatua za kawaida, za mtu anayeleta kahawa. Alibonyeza kalamu mara mbili.

Voss alishika shingo yake ilipochomwa, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyeona kiti kikizungumza. Akakunjika. Priscah alimdaka, akatoa diski mfukoni kabla hajafika chini.

Dereva wa GMC alirudi nyuma kwa kasi na kutoweka. Alikamatwa mtaa wa pili. Usalama wa Saudia walikuwa wametumiwa kila kitu kutoka Nairobi robo saa mapema.

Mlinzi mwenzake Elphas aliikimbiza diski ndani, na saa kumi na dakika sita Okabe alipanda nayo jukwaani. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Kelele ziliwafikia hadi kwenye lango la mizigo.

"Stacy angecheka sana," Elphas alisema. "Kosa la kitufe kimoja."

"Angecheka."

Priscah alingoja. Alidhani kitu kingekuja sasa: chozi, hasira, hata uchovu. Jua lilichoma uso wake. Hakuna kilichokuja. Alilifungua tu koti la Voss, akatoa funguo za kabati, akamrushia Elphas.

"Pasipoti yangu iko Al-Nuzha. Kabati la madam, rafu ya chini. Na za wasichana wawili waliokuwepo kabla yangu. Zote zifike ubalozini."

Simu ililia ndani ya soksi, akaipokea.

"Beverly! Watoto wana njaa! Uko wapi wewe?"

Priscah alitazama gari la polisi likiingia langoni, taa zikizunguka.

"Mafi Beverly, madam," alisema kwa upole. "Hakuna Beverly."

Alitoa laini ya simu, akaivunja vipande viwili, akavidondosha kwenye pipa la taka. Kisha akaweka sawa mtandio wake na kuvuka barabara, bila haraka, kuelekea kwenye teksi.