Paka Aliyeondolewa Angani

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa miwani yangu, na bila miwani sioni hata kijiko mkononi. Ukinikamata na uongo mmoja tu, nitaosha brashi za Mama Rangi wiki nzima.

Mama Rangi ni fundi wa kupaka rangi. Wifi yake, mkutubi, alimtafutia kazi ya kuchora nyota kwenye dari ya maktaba, chumba cha watoto. Siku kumi na moja Mama Rangi alilala chali juu ya jukwaa la mbao, shingo imekakamaa, akinakili ramani ya zamani aliyoikuta stoo. Alichora nyota, akaziunganisha kwa mistari: Simba, Nge, Meli kubwa, Puto, Paka na wengine wengi. Huyo Paka alimpendeza kuliko wote. Akamwongezea masharubu.

Alhamisi asubuhi wifi yake aliingia na kitabu kipya cha nyota. Akatazama kitabu, akatazama dari, akarudia. Kisha akaketi kwenye kiti cha mtoto.

"Wifi, humu Paka hayumo."

"Labda katoka kidogo."

"Usinitanie. Puto halimo, Meli haimo. Ufunguzi ni Jumamosi. Mkuu wangu kasema dari isipolingana na kitabu, ipakwe nyeupe yote."

Mama Rangi alishuka ngazi polepole. Rangi ya buluu ilibaki nusu kopo, haitoshi kuanza upya. Na nani angempa kazi tena, watu wakisikia kwamba alikosea mbingu?

Wakamwita jirani, Mzee Kamba, mpima ardhi mstaafu. Alilinganisha ramani ya zamani na kitabu, akacheka mpaka mkutubi akanuna. Ndipo akawaeleza. Zamani sana watu waliunganisha nyota kwa mistari ya kufikirika, wakaona wanyama na mashujaa. Picha hizo huitwa makundinyota. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mtaalamu mmoja aliorodhesha arobaini na nane. Baadaye mabaharia walifika kusini, wakaona nyota zisizokuwa kwenye orodha, na picha zikaongezwa. Kisha wachora ramani wakanogewa. Mmoja akaweka puto, kisha akaweka na paka kwa sababu alipenda paka.

"Ikawa kama mtaa usiopimwa," alisema. "Huyu kaingia kwa yule, na nyota nyingine hazina mwenyewe. Mwaka 1922 wataalamu wa nchi nyingi wakakubaliana: makundinyota themanini na nane, basi. Miaka michache baadaye wakaweka mipaka. Sasa kila nyota ina kiwanja chake."

Mkutubi akauliza kama picha walizosimuliwa na bibi zao zimepigwa marufuku. Mzee akasema hapana, kila watu wabaki na zao. Mipaka ni ya kuelewana tu, mtu akitaja nyota, mwenzake wa mbali ajue atazame wapi.

"Na Paka wangu?" aliuliza Mama Rangi.

"Nyota zake nyingi ziko kwenye kiwanja cha Nyoka wa Maji. Meli ilikuwa kubwa mno, ikagawanywa sehemu tatu. Kilichobadilika ni mistari, binti yangu. Nyota zako ziko pale pale."

Mama Rangi alilitazama kopo.

"Kwa hiyo nafuta mistari tu? Nusu kopo linatosha?"

"Linabaki."

Pumzi aliyoitoa ingelijaza lile Puto. Alifunika mistari ya zamani kwa buluu, akachora mipya kutoka kitabuni. Mzee Kamba alipanda ngazi kama kijana, uzi wa chaki menoni, akapiga mipaka yote peke yake. Jumamosi mkuu wa maktaba alihesabu hadi themanini na nane, akajilaza mkekani kati ya watoto, akakataa kuondoka. Mama Rangi akapewa pia kazi ya dari ya ukumbi mkubwa.

Mama Rangi amechungulia begani pangu sasa hivi, akasoma haya niliyoandika.

"Mzee, ngazi ulipanda lini? Vipandio viwili, ukafumba macho. Wifi ndiye aliyekushusha, mimi nikapiga mipaka."

Naam, Mzee Kamba ni mimi. Brashi ziko tisa, na hii buluu haitoki kirahisi.