Jeki Hunyanyua, Gogo Hubeba

Kila asubuhi, baada ya kufagia ua na kuteka maji bombani, Sitara alikuwa na kazi moja ambayo wasichana wenzake wa Mtaa wa Narung'ombe hawakuwa nayo. Aliosha motokaa. Baba yake, Mwinyimvua, alikuwa dereva wa Bwana Suud, mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Kariakoo. Dukani hapakuwa na nafasi ya gari, kwa hiyo lililala uani kwao, chini ya banda la makuti. Sitara alilipangusa vumbi la barabara ya Pugu, akayasugua mataa mpaka yakang'aa, kisha akaenda chuoni kusoma Kurani huku mikono ikinuka petroli. Wenzake walimwita Bibi Dereva, na jina hilo alilipenda.

Alikuwa mtoto mwenye adabu, na mtaa mzima ulilijua hilo. Bibi yake alimfunza tangu mdogo kwamba mtu akikuuliza habari, jibu ni njema, hata kama jino linakuuma. Shida husemwa baadaye, salamu zikishakwisha, tena kwa sauti ya chini. Sitara alilishika fundisho hilo kupita kiasi. Ukimuuliza neno, alikujibu lile unalopenda kusikia, halafu akatabasamu.

Aliyeifaidi adabu hiyo kuliko wote alikuwa Mzee Mbaruku, seremala wa nyumba ya pembeni. Mzee huyo alikuwa na moyo mweupe, ila salamu zake zilikuwa safari. Alianza na wewe mwenyewe, akaja kwa baba, mama, bibi, shangazi wa Ilala na mjomba aliyehamia Mafia, na siku ambayo hakuwa na kazi nyingi alimalizia kwa kuku. Watoto walipita upande wa pili wa njia ili asiwasimamishe.

Siku moja Mwinyimvua alirudi mchana, gari likiwa limeinama upande mmoja. Springi ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imevunjika kwenye mashimo ya Pugu. Bwana Suud alilitaka gari kesho yake alfajiri, na taniboi, kijana aliyemsaidia Mwinyimvua kazi za gari, alikuwa kwao amelala na homa. Mama yake Sitara, Bi Waridi, alikuwa amekwenda arusini Ilala pamoja na bibi na karibu wanawake wote wa mtaa.

"Leo taniboi wangu ni wewe," baba alimwambia Sitara, akavua koti.

Mwinyimvua hakuwa mtu wa kuingia chini ya gari hivi hivi. Alikuwa na utaratibu wake, na Sitara alikuwa ameuona mara nyingi akiwa amekaa kizingitini. Kwanza alilisimamisha gari pasipo na mteremko na kuivuta breki ya mkono. Kisha alitia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, ili gari lisije likatembea. Kwa kuwa mchanga wa Kariakoo humeza kila kitu kizito, jeki aliisimamisha juu ya ubao mpana. Gari lilipokwisha kupanda, alitia magogo ya mvule chini ya ekseli, moja kulia na jingine kushoto. Mwisho alilishika gari na kulitikisa kwa nguvu akiwa bado nje. Likitulia, ndipo alipoingia.

"Jeki hunyanyua, gogo hubeba," alizoea kusema. "Anayelala chini ya jeki amejitandikia sanda."

Siku hiyo alifanya yote kama kawaida mpaka akafika kwenye magogo. La kulia alilitia. La kushoto halikuwapo; Mzee Mbaruku alikuwa ameliazima ili achongee juu yake miguu ya kitanda.

"Kimbia kwa Mzee Mbaruku ulete gogo letu," baba alisema akiwa anafungua gurudumu. "Ulitie hapa, chini ya ekseli. Mimi nikimaliza hili naingia ndani kutafuta spana kubwa."

Sitara alitoka. Alipofika pembeni ya nyumba alisikia randa ya Mzee Mbaruku ikikwaruza ubao, akasita. Aliziona salamu zote zilizokuwa zinamngoja: mama, bibi, shangazi, mjomba, kuku. Jua lilikuwa kali. Aligeuka, na macho yake yakaangukia rundo la mawe ya matumbawe, yaliyobaki siku mwenye nyumba alipojenga ukuta wa choo.

Alichagua moja kubwa, lenye kimo sawa na gogo. Jiwe ni gumu kuliko mti, alijiambia. Majumba ya Waarabu kule pwani yamejengwa kwa mawe haya haya, na yamesimama tangu zamani. Alilibiringisha mpaka uani, akalisukuma chini ya ekseli. Lilikaa vizuri hata akajisifu.

Baba alitoka ndani na spana mkononi, macho yake yote yakiwa kwenye springi iliyovunjika.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, baba."

Neno lilimtoka jinsi lilivyomtoka lile la njema kila siku. Alifikiri angeongeza kidogo kwamba ametia jiwe, lakini baba alikuwa amekwisha kutandika gunia, na Sitara hakutaka kumkatisha. Mwinyimvua naye, haraka ya Bwana Suud ikiwa imemkaa kichwani, hakuchungulia wala hakulitikisa gari. Alilala chali na kujisukuma ndani.

Nati zilikuwa na kutu. Mwinyimvua aliivuta spana kwa nguvu, na gari likatetemeka. Aliivuta tena. Ubao wa jeki uliteleza, jeki ikainama, kisha ikalala mchangani. Uzito wote wa kushoto ulilikalia jiwe. Lilitoa mlio kama wa kifuu cha nazi kinachovunjwa, likapasuka, na vumbi jeupe likatoka chini ya gari. Ekseli ilishuka juu ya paja la Mwinyimvua.

Gogo la kulia halikutikisika. Hilo ndilo lililozuia gari lisimfike kifuani.

Kisha baba akaita, taratibu sana, "Sitara."

"Abee, baba."

"Mguu wangu umebanwa. Usilitikise gari."

Lakini Sitara alikuwa amekwisha kulishika kwa mbele na kuvuta juu kwa nguvu zake zote. Gari halikusogea hata upana wa unywele. Aliikimbilia jeki, akaikuta imebanwa chini ya chuma. Alipiga magoti, akaanza kuufukua mchanga kando ya paja la baba yake kwa kucha.

"Acha," baba alisema, sasa akihema. "Ukichimba, linanifuata."

Sitara aliacha. Mikono yake ilikuwa imejaa mchanga, na hapakuwa na kazi hata moja ambayo mikono hiyo iliweza kufanya. Alimwona baba yake, mtu aliyeliwasha gari kwa kuizungusha hendeli mara moja tu, amelala kama mtoto aliyefungwa nepi, jasho likimtiririka masikioni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alitamani mtu mzima yeyote aje amwambie la kufanya, na mtu mzima pekee aliyekuwapo alikuwa chini ya gari.

"Kaite watu," baba alisema.

Alitoka mbio. Wanaume walikuwa sokoni au bandarini, wanawake walikuwa arusini. Alibisha mlango mmoja, akabisha wa pili, hakuna aliyeitika. Sauti pekee mtaani ilikuwa ile ile ya randa.

Mzee Mbaruku aliinua kichwa alipoona kivuli mlangoni.

"Shikamoo, babu," Sitara alisema, kwa kuwa mdomo wake haukujua njia nyingine ya kuanza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Hajambo."

"Bibi anaendeleaje na miguu yake?"

"Anaendelea vizuri."

Alijisikia akijibu na hakuweza kujizuia. Kila jibu liliuvuta ulimi kwenye jibu lililofuata, na huku nyuma baba yake alikuwa anahema mchangani. Machozi yalianza kumtoka, lakini mzee alikuwa amekwisha kuiinamia tena kazi yake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Umefuata gogo lenu. Lipo pale, nimelipangusa."

Sitara aliliangalia. Lilikuwa limeegemea ukuta, zito, kavu, halina ufa. Lilikuwa pale muda wote.

"Babu," alisema, "baba hajambo... baba si hajambo. Yuko chini ya gari. Gari limemwangukia."

Randa ilisimama. Mzee Mbaruku hakuuliza neno la pili. Alilibeba gogo begani kwa umri wake ule, akamwonyesha Sitara ubao mnene auchukue, kisha akatoka njiani na kupiga ukelele uliofika barabara ya soko. Wachukuzi waliokuwa wakisukuma mkokoteni wenye magunia ya mchele waliuacha hapo hapo wakaja mbio. Mkubwa wao, Marcelino, alikuwa mtu wa kusini mwenye mabega mapana. Alipoona hali ilivyo, alikwenda moja kwa moja mbele ya gari.

"Tuliinue tu, mwenzetu mmoja amvute," alisema.

"Hapana," Mzee Mbaruku alijibu. "Mkono huchoka. Mmoja wenu akiteleza, linamrudia. Kwanza tuangalie kabari za nyuma. Zipo? Haya, leteni boriti ile iliyolala bandani."

Sitara alisimama kando, kiganja mdomoni. Hakuna aliyemtuma kitu. Aliona boriti ikiingizwa chini ya gari, ikiegemezwa juu ya kinu alichokiburuta Marcelino kutoka jikoni, na wanaume wakiukandamiza mwisho wake mwingine. Gari lilipanda kidogo kidogo. Baba alipiga kelele kwa mara ya kwanza. Hata hapo mzee hakuruhusu mtu amguse majeruhi mpaka jeki iwe imesimama juu ya ubao, gogo la mvule liwe limekaa chini ya ekseli, na yeye mwenyewe awe amelikagua kwa mkono. Ndipo aliposema, "Sasa mtoeni."

Walimlaza juu ya mkokoteni, wakampeleka hospitali. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Mganga alisema mchanga umemsaidia. Ingekuwa sakafu ya saruji, mguu usingepona kabisa.

Mwinyimvua alikaa hospitali muda mrefu. Bwana Suud alilikabidhi gari kwa dereva mwingine, na banda la makuti likabaki tupu. Watu walipomuuliza Sitara habari za baba, alisema njema, akaenda kujificha nyuma ya rundo la mawe. Alikuwa na neno ambalo hakumwambia mtu yeyote, na kila siku iliyopita lilizidi kuwa zito.

Siku ambayo baba aliletwa nyumbani, mguu umefungwa kwa mbao, Sitara alimpelekea uji. Mama yake alikuwapo, na Mzee Mbaruku alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Sitara aliweka bakuli chini.

"Baba, sikutia gogo. Nilitia jiwe. Sikutaka kwenda kwa babu kwa sababu ya salamu zake, halafu nikakwambia tayari."

Bi Waridi alishika shavu. Mzee Mbaruku alitazama mkeka. Sitara alingoja agombezwe.

"Nilijua tangu nilipoliona lile vumbi jeupe," baba alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Na mimi nina kosa langu. Niliuliza kwa mdomo nilipopaswa kuchungulia kwa macho, na sikulitikisa gari. Lakini sikiliza, mwanangu. Tayari si salamu. Mtu akikuuliza habari za asubuhi, mjibu njema, hiyo ni adabu, haimdhuru mtu. Lakini anayekuuliza tayari anataka kuuweka mwili wake juu ya neno lako. Neno hilo likiwa na ufa, ni kama lile jiwe: kwa nje ni gumu, likikaliwa linakuwa unga. Kama bado, sema bado. Kusema bado si kukosa adabu."

"Na mimi," alisema Mzee Mbaruku polepole, "nikimwona mtoto anakuja mbio, nitamuuliza kwanza kuna nini. Kuku watangoja."

Sitara alilia, na mama yake akamvuta ubavuni.

Mguu wa Mwinyimvua ulipona, lakini haukurudi kama zamani. Alitembea kwa mkongojo mpaka mvua za masika zilipokwisha, na baada ya hapo alichechemea. Siku aliporudishiwa gari, oili ilikuwa inavuja, na taniboi ndiye aliyepaswa kuingia chini. Mwinyimvua alikaa kizingitini, akasimamia kila kitu. Kijana alikuwa ameshatandika gunia.

"Sitara," baba aliita, "tayari?"

Sitara aliinama. Kabari ya mbele na ya nyuma, zipo. Ubao chini ya jeki, upo. Gogo la kulia. Gogo la kushoto. Alisimama, akalishika gari na kulitikisa kwa nguvu zake zote, akasikia kitu kikigonga kidogo. Gogo la kushoto halikuwa limegusana sawasawa na ekseli. Taniboi alikuwa anamtazama, amechoka kungoja, naye Bwana Suud alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi.

"Bado, baba," Sitara alisema.

Na wote wakangoja.