Mche Wenye Plasta Nyeupe

Kiwira siku ya soko mvua haimsubiri mtu. Ilikuwa Machi mwaka 2003, saa tano asubuhi. Loyce alikuwa anavuka barabara kuelekea posta, bahasha kifuani, gauni lake la kitenge cha bluu limepigwa pasi kisawasawa, na miguuni viatu vyeupe vya kazini kwa sababu vile vingine vilikuwa havijakauka tangu Jumapili. Manyunyu yakageuka mvua ya kumimina. Wenye ndizi wakavuta majani juu ya mikungu yao, makonda wakaacha kuita abiria, naye akakimbilia turubai la kwanza aliloliona. Akahisi kitu laini kikivunjika chini ya kisigino.

"Dada, umekanyaga parachichi," sauti ya mwanaume ikasema.

Akatazama chini. Palikuwa na miche midogo kwenye vifuko vyeusi vya nailoni, na mmoja ulikuwa umelala, shingo imekatika.

"Samahani sana, kaka. Sikuiona."

"Najua. Ungeuona ungechagua kuukanyaga ule mwembamba pale, huu ulikuwa mzuri."

Loyce akacheka bila kupanga kucheka. Akachuchumaa, akafungua mkoba, akatoa plasta ya hospitali, akauunganisha mche ule uliovunjika na kuufunga mizunguko mitatu, upesi na kwa upole, kama anavyofunga kitovu. Alipoinua uso alimkuta mwenye miche amesimama akimtazama mikono. Alikuwa mrefu, gambuti zimejaa tope hadi juu, na shingoni amevaa tai nyekundu iliyofungwa vizuri sana.

"Utakufa tu huo," alisema yule mwanaume. "Lakini tangu nianze kazi hii sijaona mche uliofungwa vizuri hivyo. Wewe ni nani?"

"Mkunga. Niko hospitali ya misheni huko juu. Naitwa Loyce. Na wewe, mbona umevaa tai sokoni?"

"Asajile. Nilikuwa benki Dar es Salaam, miaka kumi na moja. Ubinafsishaji ulipokuja wakatupunguza. Kiti wakachukua, tai wakaniachia. Sasa nisizivae?"

Mvua ilipokatika waliagana. Loyce akaenda kutia barua yake posta. Ilikuwa barua ya kuomba kazi katika kampuni moja ya kuuza dawa huko Dar, mojawapo ya zile zilizochipuka tangu biashara zilipofunguliwa milango. Kazi yenyewe ni kuzunguka na begi la sampuli, kuvaa suti, na mtu yeyote asikulilie mikononi.

Ukimuuliza kwa nini, angekwambia amechoka. Lakini haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alikuwa na miaka tisa wodi ya wazazi. Mwaka wa kwanza, kila mtoto alipolia alisimama kidogo, mwili ukimsisimka, akijiona amepewa kitu asichostahili kukiona. Siku hizi mtoto analia, yeye anawaza mahali alipoacha sabuni. Mwezi wa pili mama mmoja alimpa bintiye jina la Loyce, kwa shukrani. Loyce akatabasamu inavyotakiwa, akageuka, akajipapasa moyoni, hakukuta kitu. Siku hiyo aliogopa kweli.

Asajile alianza kumpigia simu. Pale hospitalini simu za mkononi zilishika mawimbi sehemu moja tu, kando ya tangi la maji, na wiki mbili hazikupita kila mtu akajua nesi Loyce anafuata nini kwenye tangi akiwa amejipaka mafuta ya mdomo.

"Halo, daktari wa miche."

"Halo, bwana benki. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Tulimzika jana. Familia inakuomba uje uhani."

"Nije na nini?"

"Na hiyo mikono. Njoo kwetu Kisiba ujifunze kubebesha, kuunga mche juu ya mwingine, kikwelikweli, mama. Baba yangu atakufundisha. Mimi mwenyewe ananiita karani."

Akaenda Jumapili baada ya ibada. Hapo ndipo alipoonyeshwa mambo mawili ambayo hakuyatarajia. La kwanza ni ziwa. Asajile alimpitisha kati ya migomba, akamwambia asimame, akamwondolea tawi usoni, na maji yakawa pale chini, duara zima, kimya, yamelala ndani ya mlima uliowahi kuwaka moto. Nyuma yake mlima Rungwe ukatoka mawinguni wote kwa mara moja. Loyce alikuwa ameishi wilaya hii miaka tisa akitazama saa ya ukutani. 

La pili ni kisu cha mzee Andongwisye, baba yake Asajile. Mzee alikuwa mfupi, mcheshi, kofia imemfunika nusu ya uso. Alimketisha Loyce kwenye kigoda kando yake, akamwonyesha namna ya kukata kikonyo cha parachichi nzuri, kuchana shina la mche wa kienyeji, na kuvishonanisha hivi hata ukipitisha ukucha usikwame.

"Sasa huyu na huyu havijuani," mzee alisema kwa Kiswahili chake chenye Kinyakyusa ndani. "Wewe unavifunga, unaviacha. Usivichungulie-chungulie. Vyenyewe vitaongea."

"Vikigoma je, baba?"

"Vikigoma ni mkono wa karani."

Nailoni ya kufungia ilipoisha, Loyce akatoa plasta yake. Mzee alicheka mpaka akaishika kofia. Mche ule wenye plasta nyeupe ukawekwa peke yake mwishoni mwa kitalu. Kila Jumapili Loyce alikwenda kuutazama, na mzee alikuwa akimpokea njiani kwa sauti, "Nesi wangu, ndaga, asante, umekuja." Njiani kurudi Asajile alimshika mkono, na siku moja ya mvua, chini ya mti wa msindano, akambusu, tai yake ikamlowesha Loyce shingo.

Jumapili ya nne barua kutoka Dar ilikuwa imeshafika. Walimkubali. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Asajile alikuwa Mbeya kupeleka miche, kwa hiyo Loyce akashuka Kisiba peke yake, kwa haraka, akitaka kuuona mche wake kwanza ndipo aamue. Kwa mbali akamwona mzee anakuja njiani.

"Shikamoo, baba," aliita kwa furaha.

Mzee akasimama ghafla. Akakohoa. Akashusha kofia mpaka kidevuni, akaruka mtaro, mtu wa miaka sabini na kitu, akazama kwenye tope hadi magotini, na kutokomea ndani ya migomba. Kile kisu kilibaki kimeanguka njiani.

Loyce alisimama palepale. Aliyapitia yote yanayoweza kumfanya mzee amkimbie: miaka yake thelathini na mitatu, ndoa yake ya Korogwe iliyovunjika bila mtoto, ugeni wake. Nani kampelekea habari hizo hakujua, lakini aliona zimefika. Akakiweka kisu juu ya jiwe. Hakwenda kwenye mche. Akapanda juu, akazima simu, na Jumatatu usiku wa mawazo ulipokwisha akaandika Dar kwamba anakuja. Barua akaiweka mfukoni mwa gauni la kazi.

Jumatano, wakikunja mashuka, mwenzake Tulinagwe akamuuliza ana nini. Tulinagwe alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa hukohuko chini. Loyce akamweleza yote, machozi yakimdondokea shuka.

Tulinagwe akaacha kukunja. "Alikohoa kwanza?"

"Alikohoa."

"Akajifunika uso? Akatoka njiani yeye, akakuachia wewe?"

"Akaingia kwenye tope, Tuli. Ananichukia kiasi hicho."

"Dada yangu," Tulinagwe alisema taratibu, "hivyo ndivyo wazee wetu wanavyomheshimu mke wa mtoto wao. Baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Hawakutani njiani. Hata jina lake hulitaji. Huyo mzee hajakukataa. Yeye anajua umeshaolewa, wewe ndiye hujaambiwa."

Loyce alikaa juu ya rundo la mashuka. Akamwona tena mzee yule akizama topeni, safari hii kwa macho mengine. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia jambo kubwa kama lile. Mwili ukamsisimka, kuanzia kisogoni hadi kwenye vidole, kama ule mwaka wa kwanza, naye akautambua msisimko huo kama mtu anayemtambua ndugu yake stendi. Akainuka, akaenda kwenye tangi.

"Loyce? Mpenzi, siku tatu simu yako imezimwa, nimekosa nini?"

"Kabla hujaenda Mbeya ulimwambia nini baba yako?"

Upande wa pili akaanza kueleza bei ya miche Mbeya.

"Asajile."

"Nilimwambia nataka kukuoa."

"Na mimi ulipanga kuniambia mwaka gani?"

"Jumatatu. Nilinunua tai mpya Mbeya. Miaka kumi na moja Dar, laazizi, nilisahau kabisa kwamba akishajua tu ataanza kukukimbia."

Loyce alicheka na kulia pamoja, paji la uso limeegemea tangi la baridi. Kisha akasema alichokuwa hajamwambia mtu. "Sikiliza. Dar siendi. Lakini na wodini natoka mwezi huu ukiisha. Nimekauka, na mama anayezaa anastahili mtu ambaye hajakauka."

"Utafanya nini?"

"Nataka kufunga miche. Usijivune, siyo kwa ajili yako. Nilikuwa naitaka kazi hiyo kabla hujanunua tai."

"Sawa, daktari. Na mimi je?"

"Wewe nitakujibu kitaluni."

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala Kisiba. Loyce alivaa gauni lilelile la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Asajile alikuwa anamsubiri kwenye kitalu na hiyo tai mpya, ya kijani, akiwa ameshika ndoo ya kumwagilia na kusahau kuiweka chini. Hakumsalimia. Alimwonyesha tu kwa kidole.

Juu ya plasta nyeupe, kikonyo kilichokuwa kijiti kikavu kilikuwa kimefungua majani mawili ya rangi ya shaba, membamba na laini, yana umande. Loyce akapiga magoti kwenye udongo. Vitu viwili visivyojuana vilikuwa vimeongea. Hakuyagusa. Alilia kwa sauti bila kuona haya, na Asajile akamngoja amalize.

"Loyce," akasema mwishowe, "nimemwambia baba kabla yako, nisamehe. Sasa nakuuliza wewe. Utanikubali?"

Kabla hajajibu, kikohozi kikasikika kwenye njia ya juu, na nyuma yake mlio wa gambuti ukiteremka.

Loyce akainuka upesi. Akawahi yeye mara hii. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani marefu yenye maji, akageuza mgongo, akavuta kitambaa mpaka machoni na kuinamisha kichwa.  Gambuti zikasimama. Matone yalidondoka kutoka kwenye migomba. Kisha mwenye gambuti, ambaye Loyce asingemtaja jina tena maisha yake yote, akaweka kitu juu ya kigoda, akakohoa mara ya pili, polepole, na kurudi alikotoka.

Loyce alipogeuka, gauni limelowa hadi kiunoni, alikuta ndoo imeanguka na Asajile anafuta macho kwa tai mpya. Juu ya kigoda palikuwa na kile kisu, kimenolewa, kimefungwa kwenye leso.

"Hujanijibu," Asajile alisema.

"Muulize baba yako," alisema Loyce, akachukua kisu chake. "Yeye nimeshamjibu."