Bomba Lisilosuuzwa

Kila alipotoka shuleni, Macho Manne alipitia kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu ya miwani, naye alishalizoea. Kazi yake ilikuwa kupanga chupa za maji na kusuuza vyombo. Shangazi alichunguza daiatomu, yaani vijimea vya majini vidogo mno, kila kimoja kikiwa ndani ya ganda la kioo lenye mistari.

Mwezi huo shangazi aligundua aina mpya. Alihesabu mistari ya ganda lake, akalipima, akalichora na kulilinganisha na vitabu vyote alivyokuwa navyo. Tangu afiwe na mumewe hakuwa amecheka, lakini sasa aliimba mbele ya hadubini. Aliandika kwamba aina hiyo inaishi katika chemchemi ya kilimani. Kesho angetuma maandishi yake yachapishwe.

Macho Manne peke yake ndiye aliyejua kasoro iliyokuwepo. Wiki tatu nyuma, akiwa na haraka ya kwenda kucheza, alinyonya maji kwa bomba dogo kutoka chupa ya dimbwi la machimbo ya matofali, kisha akalitumbukiza bomba lile lile kwenye chupa ya chemchemi bila kulisuuza. Maji ya dimbwi yaliharibika kabla ya kuchunguzwa, yakamwagwa. Naye akaufyata ulimi, asimwambie mtu.

Siku hiyo, akitoka shuleni, aliona malori yakimwaga kifusi dimbwini. Alifika kwa shangazi akihema.

"Shangazi, usitume! Sikusuuza bomba. Labda ganda lako limetoka dimbwini."

Shangazi aliweka kalamu chini. "Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu! Mimi naimba hapa kama mwendawazimu, na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuona umefurahi, shangazi. Niliogopa."

"Twende dimbwini."

"Wanalifukia. Sasa hivi."

Walitoka mbio bila hata kufunga mlango. Dimbwi lilikuwa limebaki kidimbwi cha ukubwa wa mkeka. Shangazi alipiga magoti kwenye matope, akajaza chupa moja.

"Mama, toka hapo!" dereva alifoka. "Maji machafu hayo unayapeleka wapi?"

Shangazi alimsihi asubiri hata siku moja. Dereva alisema ana amri ya mwenye kiwanja, akarudisha lori nyuma na kumwaga kifusi. Dimbwi likaisha mbele ya macho yao.

Chini ya hadubini, katika maji ya dimbwi, daiatomu za aina ile mpya zilionekana zikiwa hai, za rangi ya kahawia, zikiteleza polepole. Kesho yake walichota maji mapya kule kwenye chemchemi. Hawakuona hata moja.

Shangazi alifuta neno "chemchemi", akaandika "dimbwi la machimbo, limefukiwa".

"Zitaishi kwenye chupa?" Macho Manne aliuliza huku akilia.

"Nitazitunza, lakini siwezi kukuahidi," alijibu shangazi. "Kutosuuza bomba ni kosa la dakika moja, mwanangu. Hata mimi nimewahi kulifanya. Lakini ungesema siku ile ile, tungekuwa na wiki tatu za kuwaomba wasilifukie dimbwi. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

Macho Manne alichukua bomba, akalisuuza mara tatu, akaliweka kando ya chupa ile moja.